Miguu Mifupi Juu ya Pikipiki Ndefu

Iko siku moja ambayo kichwa changu kimekataa kuiachilia, mwanangu. Ilikuwa mwezi wa saba, ule wakati wa Nairobi ambapo jua linajificha na mtu anashinda na sweta kutoka asubuhi hadi jioni. Asubuhi hiyo rafiki yangu Shikuku alifika kazini akiwa mrefu kuliko mimi. Siku iliyotangulia tulikuwa tukitazamana macho kwa macho.

Nikueleze kwanza mimi ni nani, usije ukadhani unamsikiliza mtu wa vitabu. Shule niliiacha darasa la nne. Sikufukuzwa, niliiacha. Gereji yangu ya Ngara na nyumba ninayolala nimezipata kwa mikono hii, na sioni aibu kujisifu kwa sababu sijawahi kumwona mtu anayengoja kunisifu. Mimi ni mfupi. Watu wa kawaida nawafikia begani. Nikikaa juu ya zile pikipiki kubwa za safari za mbali, zenye masanduku ya bati ubavuni na tangi lililovimba kama tumbo la ng'ombe, miguu yangu yote miwili inaning'inia hewani. Na bado nimeziendesha miaka mingi kuliko umri wako.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, boda boda za pikipiki zilikuwa bado hazijaujaza mji. Mimi na Shikuku tulikuwa na kazi katika yadi moja kule Lavington, nyuma ya ukuta mrefu, ambako wageni waliokuwa wakivuka Afrika walileta pikipiki zao zitengenezwe. Sisi tuliziosha, tulizisogeza, na zikishapona tulizijaribu barabarani. Shikuku alikuwa mtu wa Webuye, mcheshi, mwenye sauti ya kanisani. Mimi ni Mkikuyu wa upande wa hapa hapa. Ufupi ndio uliotufanya ndugu.

Aliyetufundisha ni Mzee Mbugua, fundi mkuu, naye mfupi kama sisi. Alikuwa mzee wa hasira za karibu, aliyenusa ugoro mpaka mashati yake yote yakawa na rangi ya chai kifuani. Hakutupa maneno matamu. Panda wakati stendi bado iko chini, alisema, ukanyage kikanyagio kama unapanda ngazi. Ukitaka kusimama, telezesha tako moja nje ya kiti, uteremke upande mmoja, mguu wa kushoto ukanyage wote, kisigino na vidole, na wa kulia ubaki kwa breki. Huo wa kulia hauna kazi chini, alisema, uache. Kisha alitutembeza kwa miguu barabarani akituonyesha jinsi lami ilivyo na mgongo katikati na jinsi inavyoteremka pembeni kuelekea mtaro. Pale pembeni ardhi iko mbali zaidi kuliko unavyodhani. Tafuta mahali pa kusimama kabla hujasimama. Na pikipiki ikishaamua kulala, iache ilale, wewe toka.

Mtu mrefu akisikia haya ataona ni mambo madogo. Apite tu, hayamhusu.

Tatizo la mafundisho ya Mzee Mbugua ni kwamba hayapendezi machoni. Ukisimama hivyo, umeinama upande mmoja, nusu juu ya kiti na nusu nje, unaonekana kama mtoto aliyepanda kitu cha baba yake. Soja wa lango letu alilifanya hilo kuwa burudani. Kila tukirudi alikuwa anatungoja.

"Shikuku, shuka tukuone," alikuwa akisema. "Ama umeshashuka?"

Mimi nilimtukana na yakaisha. Shikuku alicheka kuliko wote, halafu akanyamaza mpaka chakula cha mchana.

Sasa sikiliza kilichokuwa mbele yetu. Mdosi wetu, mwenye yadi, alikuwa ametangaza kwamba mmoja kati yetu ataongoza wageni kwenda kaskazini, Maralal na hadi Turkana, na kazi hiyo itakuwa yake ya kudumu. Shikuku aliitaka kunishinda, na alikuwa na sababu. Mke wake na binti yao mchanga walikuwa Webuye kwa wazazi wake. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba akiipata atachukua nyumba Kawangware na kuwaleta. Alikuwa ameshaanza kuulizia nyumba. Na sikufichi, alikuwa anaendesha kuliko mimi. Kwenye matope na kokoto hakuna aliyemfikia. Ni kusimama tu ndiko kulikomsumbua, tena si kwa kushindwa, ni kwa kuonekana.

Basi asubuhi hiyo ya baridi mdosi akasema wageni wawili, mtu na mke wake, wanashuka mjini na pikipiki zao kununua vitu vya safari. Shikuku aongoze, mimi nifunge nyuma. Hakusema ni mtihani. Hakuhitaji kusema.

Ndipo Shikuku akatokea akiwa mrefu. Alikuwa amekwenda Ngara kwa fundi wa viatu na kuongezewa soli za tairi la lori chini ya buti zake, tabaka juu ya tabaka. Mzee Mbugua alimtazama kutoka kichwani, akashuka polepole mpaka chini.

"Hizo ni nini?"

"Viatu, Mzee."

"Viatu naona. Nauliza hiyo ingine iko chini yao."

"Ni soli tu. Nimeongeza kidogo."

"Umeongeza gari mzima. Panda hapo. Weka kidole chini ya gia nione."

Shikuku akapanda, akaingiza ncha ya buti chini ya kile chuma cha gia upande wa kushoto. Iliingia, lakini kwa kusukumwa.

"Umeona?" Mzee akasema. "Inaingia kwa nguvu. Itatoka aje?"

"Itatoka, Mzee."

"Na breki, mguu wa kulia unaisikia?"

"Naisikia."

"Wewe ni mwongo. Na hiyo soli, hata ukikanyaga moto hausikii."

Shikuku akashuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alisema kwa upole kabisa, "Mzee, leo wageni wako nyuma yangu. Siwezi kuning'inia kando ya kiti kama mtoto amebebwa kwa baiskeli. Leo nataka kusimama kama mwanaume, miguu zote chini."

"Kijana, hiyo pikipiki haijui wewe ni mwanaume. Inajua kilo."

Mzee akaingia stoo kumtafutia buti nyingine. Lakini wageni walikuwa wameshawasha, mdosi anapunga mkono, na Shikuku akaweka gia akaondoka. Langoni soja alifungua mdomo akaufunga, kisha akasema, "Ai, huyu leo amemea." Shikuku akampigia saluti. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Tulishuka kupitia Kileleshwa. Kila aliposimama niliutazama mgongo wake kutoka nyuma, umenyooka, buti zote mbili ziko chini, na nikasema moyoni huyu kazi ameshaipata. Kuna wakati hata nilimwonea wivu, nikawa nafikiri na mimi nitamtafuta huyo fundi wa Ngara.

Tulipoikaribia raundabauti moja ya Uhuru Highway, askari wa trafiki aliinua mkono ghafla kuzuia upande wetu. Shikuku alikuwa amebana pembeni kushoto, pale lami inapoteremka kuelekea mawe ya ukingo. Nilimwona akitaka kutoa gia. Buti ya kushoto ikaingia chini ya chuma kama ilivyoingia asubuhi. Haikutoka. Pikipiki ikasimama, na mguu uliopaswa kuipokea ulikuwa umenaswa.

Pikipiki kubwa haianguki kwa kishindo, mwanangu. Huinama polepole, kama mtu anayetaka kukunong'onezea, na ndani ya huo upole bado una nafasi ya kujitupa kando. Shikuku hakujitupa. Aliushika usukani kwa mikono yote miwili akajaribu kuirudisha juu, mbele ya wageni, mbele ya magari yote yale. Ikamlaza juu ya mawe ya ukingo, na mguu wake ukabaki kati ya injini na jiwe. Nilikuwa nyuma ya wageni, injini yangu inanguruma, na bado nilisikia mfupa.

Tuliinyanyua mimi na yule mgeni mwanaume, askari akisaidia. Shikuku hakulia. Alinivuta ukosi wa koti akasema kwa sauti ndogo, "Nivue viatu. Nivue kabla mdosi hajakuja."

Nilivua cha kulia. Cha kushoto hakikuwezekana.

Mguu ulitiwa vyuma, ukatunga usaha, ukafunguliwa, ukatiwa vingine. Ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

Kwa hiyo, yeye akiwa bado hospitalini, kazi nikapewa mimi. Hakuna aliyenipongeza, na sikutaka. Nikawa siwezi tena kuzipanda zile pikipiki ndefu. Nilizisukuma kwa mkono kutoka banda hadi banda nikisema nahifadhi petroli. Mzee Mbugua alinitazama siku kadhaa, kisha akanifuata nikiwa nasukuma moja, jasho linanitoka katika baridi ile.

"Unasukuma kwa nini?"

"Ni karibu tu, Mzee."

"Hata choo ni karibu, na hausukumwi kwenda." Akanusa ugoro wake, akapangusa pua. "Sikiza. Mwenzako aliona aibu ya kuwa mfupi, imemvunja mguu. Wewe sasa unaona woga wa kuwa mfupi. Mimi sioni tofauti. Nyinyi wote mnaangalia urefu yenu badala ya kuangalia barabara."

"Mzee, kazi ni ya Shikuku."

"Kamwambie yeye. Mimi si Shikuku. Lakini kwanza panda hiyo kitu uipeleke pale, na ukifika simama vile nilikufundisha. Yule wa lango akicheka, mwache acheke ashibe."

Nilipanda. Nilisimama pale mbele kwa mguu mmoja, nimeinama kama kawaida yetu, na soja hakucheka. Tangu siku ile ya ajali alikuwa hachekeshi mtu.

Jumapili nikaenda wodini. Shikuku alikuwa amelala akitazama dari, mguu umeinuliwa kwa kamba.

"Nani anaenda kaskazini?" akaniuliza hata kabla sijaketi.

Nikavuta stuli nikaketi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Ukisema nisiende, siendi."

Alirudi kutazama dari. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakohoa, na nilishukuru kwa kile kikohozi.

"Enda," akasema. "Usipoenda na kazi ipewe mtu mwingine, itakuwa nimevunjika bure." Kisha akageuza uso ukutani, na hakunigeukia tena mpaka kengele ya kutoa wageni ilipolia.

Nilikwenda. Nikaenda tena na tena, na kwa kazi hiyo nikaja kusimamisha gereji yangu. Shikuku alirudi Webuye akiwa na fimbo. Mkewe na binti hawakuona Nairobi. Nilimtembelea, mwanzoni mara nyingi, binti akiwa bado mchanga, kisha mara chache, maana kila nilipofika na pikipiki aliingia ndani mpaka niizime. Alilinda kiwanda cha kusaga unga mpaka kifua kilipomchukua.

Siku ya kumzika nilisimama karibu na binti yake, msichana mrefu kuliko wengi waliokuwa pale. Akaniuliza nilimjulia wapi baba yake.

"Tuliendesha pikipiki pamoja Nairobi," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu aliyekuja kwenye mazishi yasiyo yake. "Baba? Baba hajawahi kupanda pikipiki. Hata boda boda alikuwa anakataa, anatembea na ile fimbo. Alituambia alianguka kwa ngazi."

Nikamweleza yote, tukiwa tumesimama kwenye udongo mwekundu uliolowa. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza jambo moja tu, "Alikuwa anajua kuendesha?"

"Alinishinda," nikasema. Ndipo akalia.

Haya, mwanangu. Wewe mfupi uliyesimama mbele ya pikipiki inayokufika kifuani, nakuambia hivi bila kuzunguka. Panda, hiyo ni yako kama ilivyo ya mtu mrefu. Lakini usijiongezee urefu ambao mguu wako hauujui. Viatu viwe vile vinavyosikia gia na breki. Kiti ukitaka kipunguzwe, njoo nikupunguzie kidogo, si mpaka ukalie chuma. Teleza utoke pembeni, weka mguu mmoja chini wote, usukani uwe umenyooka kabla ya kubana breki ya mbele. Soma ardhi kabla ya kusimama, ujiepushe na pembeni palipoteremka. Ikianza kulala, iache. Bati linanyooshwa hapa kwangu kila siku, mfupa sina nyundo yake. Na watakaokucheka pale umeinama, kumbuka kwamba taa zikiruhusu wataenda zao, na wewe utabaki na mguu wako.

Pia usiogope mpaka ukaanza kuisukuma kwa mkono. Huo nao ni ulemavu, na hauna hospitali.

Na ukishindwa siku moja, waambie watoto wako kwamba uliwahi kuendesha. Wasije wakaambiwa na mgeni, kando ya kaburi.

Nenda sasa. Mwenyezi Mungu aliyekupima akaona urefu huo unakutosha akutangulie kila kona, na kila utakaposhusha mguu, ukute amekuwekea ardhi chini yake.