Sakafu ya Gereji Niliyoimwaga Juu ya Shimo la Matofali

Siku yangu ya kwanza kazini kapita hakunipa koleo wala toroli. Kapita, kwa wasiomjua, ndiye msimamizi wa kikundi cha vibarua: anapokea amri kutoka kwa chef de chantier, yaani mkuu wa eneo lote la ujenzi, kisha anatushushia sisi amri hizohizo kwa sauti kubwa zaidi. Wa kwetu alikuwa mtu mfupi, mzaliwa wa hapahapa Lubumbashi, na ukoo wao ulikuwa ukilima mahindi kandokando ya migodi. Sisi watoto wa reli, ambao baba zetu walitoka kaskazini kufanya kazi ya reli, alituita wageni. Alinipa mpini wa nyundo, akaniagiza nitembee ndani ya ghala kuukuu ambalo sakafu yake ilitakiwa kubomolewa, nikigonga kila hatua. Palipolia kavu nipite. Palipolia kama sufuria tupu niweke alama ya chaki.

Nilidhani ananitania, maana mpya kazini hutaniwa. Niligonga harakaharaka na kabla ya saa nne nilikuwa nimemaliza. Kapita akaja, akasimama katikati ya ghala, akagonga mara moja kwa kisigino cha kiatu.

"Hapa ulisikia nini?"

"Hakuna kintu, kapita."

"Basi njo hapa utakufia siku moya," akasema, bila hasira, akaenda zake kunywa chai.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaojiuliza kama wanaweza kubomoa sakafu ya gereji na kumwaga mpya kwa mikono yao wenyewe. Mwanangu Trésor alijiuliza hivyo mwaka huu. Nimestaafu, naishi mtaa wa Hewa Bora katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, pamoja na mke wangu, Trésor, mke wake na watoto wao wawili. Chini ya sakafu ya gereji yetu palikuwa na shimo. Mimi nilijua. Trésor hakujua, na kila asubuhi aliwasha gari lake juu ya shimo hilo.

Lakini kwanza kazi. Sakafu ya zege, ambayo sisi huiita dalle, watu huiona juu tu. Kazi kubwa iko chini. Unaondoa udongo mweusi mpaka ufike kwenye udongo usiobonyea. Unashindilia. Unapanga mawe, na tabaka hilo la mawe linaitwa hérisson, ili maji yasipande na uzito ugawanyike. Juu yake unatandaza wavu wa chuma, ukiuinua kidogo kwa vipande vya mawe, maana wavu uliolala chini hausaidii chochote. Ndipo unamwaga. Kisha unamwagilia sakafu maji siku saba, asubuhi na jioni. Ukiiacha ikauke kwa jua la Oktoba itapasuka kabla hujaitumia. Chef de chantier wetu wa kwanza, mtu mkimya aliyevaa viatu vya kung'aa hata kwenye matope, alikuwa akipitisha kidole juu ya sakafu ya juzi. Kidole kikitoka kikavu, mtu alirudi kwao.

Baada ya miaka mitano nilipelekwa Kasenga, kando ya mto Luapula. Mfanyabiashara mmoja wa samaki alitaka ghala lake liwekewe sakafu mpya. Msimamizi wetu mkuu huko alikuwa conducteur des travaux, yule anayezunguka kutoka eneo moja hadi jingine, kwa hiyo tulimwona mara moja kwa juma. Siku asizokuwepo tulifanya tulivyoona. Rafiki yangu Kalenga, wa rika langu, alipanda katikati ya sakafu ya zamani na nyundo ya kilo nane, akaanza kuvunja pale aliposimama. Hakuna aliyekuwa amegonga kusikiliza. Mimi nilikuwepo, na nilijua kugonga.

Sakafu ilimfungukia miguuni. Chini palikuwa na shimo la choo cha zamani, lililofunikwa na watu ambao hatutawajua kamwe. Tulimtoa kwa kamba. Alikufa kabla hatujafika hospitali, na njia nzima nilikuwa nimeshika mguu wake, kwa sababu ndio tu ulionifikia mkononi. Tangu siku hiyo naogopa sakafu. Sijawahi kuwaambia wenzangu, maana nani atamchukua kazini fundi wa sakafu anayeogopa sakafu?

Kumbe hofu hiyo ilinifanya fundi mzuri. Nilirudi mjini nikapewa timu, nikawa chef d'équipe, na tulimwaga sakafu nyingi upande wa Kasapa, kwenye majengo yanayokaliwa na wanafunzi. Hakuna hata moja iliyozama. Nilimfukuza kibarua kwa sababu alitupa mfuko mtupu wa saruji chini ya mawe. Karatasi ile ingeoza na kuacha uwazi, nikamwambia, na uwazi unaua. Nilimwambia mbele ya wote.

Basi sikilizeni nilichofanya nyumbani kwangu.

Kiwanja changu kilikuwa na kichuguu kirefu kuliko paa. Mtu wa Katanga akipata kiwanja chenye kichuguu hufurahi, kwa sababu udongo wa mchwa ndio unaotoa matofali mazuri. Tunauchimba, tunaukanyaga na maji, tunafyatua, tunapanga tanuru hapohapo uani na kuchoma. Kichuguu kikiisha hatuachi, maana chini ya usawa wa ardhi udongo ni ule ule. Kwa hiyo nyumba inapanda na shimo linashuka. La kwangu lilifika kina cha watu wawili. Likawa jalala: majivu ya tanuru, maganda ya mihogo, magunia, matawi, godoro la marehemu mama yangu.

Kisha ikakaribia komunyo ya kwanza ya Trésor. Ndugu wangekuja kutoka kaskazini, na mimi, mkuu wa timu ya zege, nilikuwa na shimo la takataka mbele ya mlango wangu. Niliona aibu. Zaidi ya hapo, geti linafungukia upande huo, na gari lisingeweza kuingia mahali pengine. Nilimwaga udongo juu ya takataka zile, nikaukanyaga kwa miguu, nikaweka wavu na zege kwa siku mbili. Mke wangu aliniuliza kama takataka hazitaoza. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya ufundi. Kwenye sherehe watu walicheza juu yake mpaka jua likazama, na ndugu zangu walisifu jinsi ilivyonyooka.

Baadaye nikaizungushia kuta na paa, ikawa gereji. Chini yake takataka zilioza. Miaka ilivyokwenda nilianza kusikia kisigino changu kikilia tofauti pale katikati. Ukatokea ufa mwembamba, ukaelekea ukutani. Wavu ulikuwa unashikilia, lakini chuma kikilowa nacho huliwa. Kila asubuhi nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikijifanya napiga mswaki, mpaka magurudumu ya nyuma yatoke gerejini. Watoto wakikimbilia huko kuchukua mpira niliwafokea kama mwenda wazimu. Mke wa Trésor alidhani sipendi kelele.

Mwaka huu Trésor akasema sakafu imekuwa aibu, tuibadilishe wenyewe. Ni mwalimu wa hesabu, na kila kitu amejifunza kwenye simu. Alinionyesha mtu wa nchi ya mbali akivunja sakafu kwa mashine huku muziki ukilia. Nilimpa sababu zote isipokuwa ile ya kweli. Nikasema mvua inakuja. Nikasema vumbi litamwumiza mama yake. Nikasema nimezeeka. Nikasema tuwaite mafundi.

"Papa, mutoto ya maçon ataita maçon?" akauliza akicheka. "Weye utaikala tu ku kiti, utanionyesha."

Nilicheka naye. Ningeweza kusema siku ile. Maneno yalikuwa machache: chini kuna shimo, nililifunika mimi. Lakini nilimwona jinsi anavyonitazama, kama mtu aliyemwaga sakafu za nusu ya mji huu. Nikajiambia nitasema Jumatatu.

Jumamosi nilikwenda kwenye matanga ya jirani. Nikirudi, kabla sijafika getini, nilisikia mlio. Haukuwa mlio wa nyundo kwenye zege lililolala juu ya ardhi. Ulikuwa wa ngoma. Niliharakisha kuingia getini.

Trésor alikuwa amelitoa gari nje. Alikuwa amesimama katikati kabisa, amevua shati, akivunja pale pale aliposimama. Mbele ya miguu yake palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, na hakuona ajabu kwamba vipande vilivyoanguka humo havikutoa sauti. Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa ataruka.

"Trésor," nikasema taratibu, "weka nyundo chini. Polepole."

"Papa, iko nini?"

"Usitembee. Lala chini na tumbo."

"Nilale?"

"Chini yako hakuna udongo, mutoto yangu. Lala."

Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alilala. Mke wake alitokea jikoni, nikamwonyesha kwa mkono awashike watoto. Niliburuta mbao mbili za jukwaa zilizokuwa ukutani, nikazisukuma juu ya sakafu hadi zikamfikia, ubao wa pili ukampiga bega. Nikamwambia asambaze uzito, atambae, asiinuke. Nikawa nasali Salamu Maria bila kufika mwisho, narudia mwanzo tu. Alipofika ukingoni nilimvuta kwa mikono yote miwili. Nyuma yake kipande cha ukubwa wa meza kilishuka pamoja na nyundo. Hakikuwa na haraka. Tulisubiri kukisikia, na tulisubiri muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Alikaa kwenye vumbi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu komunyo yako."

Hakupaza sauti. Aligeuka akaitazama nyumba, dirisha moja baada ya jingine, halafu akaniuliza, "Na chambre ya batoto?"

Nikamwambia chumba cha watoto kiko kwenye udongo mgumu ambao haujawahi kuchimbwa, msingi wake unafika kiunoni mwangu, na shimo liliishia hatua nne kabla ya ukuta. Yote yalikuwa kweli. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama unavyomsikiliza mgeni, kisha akawapeleka mke na watoto Kasapa kwa mama mkwe wake.

Mnaniuliza, basi, kama mnaweza kubadilisha sakafu ya gereji wenyewe. Kuchanganya zege si siri: chota saruji, mchanga na kokoto kwa ndoo ile ile, maji usizidishe, sakafu inywe siku saba. Anayeweza kupika bugali wa ukoo mzima ataweza. Ila tafuteni kwanza aliyejenga hapo, au jirani mkongwe, mumwulize palikuwa na nini. Kama hakuna anayejua, iteni watu wenye vifaa. Na wewe unayejua, sema hata kama utaonekana mjinga. Nimekaa kazini miaka thelathini na sita nikiwaogopa waliofunika mashimo bila kusema, na sasa mke wangu ananipikia, ananisalimu, na hanisemeshi zaidi ya hapo.

Trésor aliita timu. Anayeiongoza ni mhandisi, binti mdogo wa umri wa mtoto wangu wa mwisho, na ana adabu. Walitoa uozo wote, wakajaza mawe tabaka kwa tabaka, wakashindilia kila moja. Mimi nilitazama kutoka barabarani. Walipomaliza, Trésor alimwomba mhandisi apime na vyumba. Alitumia asubuhi nzima, akachimba hadi kwenye msingi, kisha akamwambia kwamba chumba cha watoto kiko kwenye udongo mgumu ambao haujawahi kuchimbwa. Ni maneno yangu yale yale. Trésor alimshukuru, akachukua simu, akamwambia mke wake warudi.