Watafiti wa jeni walimngoja baba, nikawapelekea mwanangu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Hili limenipata mwenyewe hapa Jilore, sijatia chumvi wala ndimu.

Mwanangu ana miaka sita. Tangu akiwa mchanga alikuwa akishikwa na maumivu ya mifupa, analia hadi sauti inakauka. Mamangu akasema mke wangu, Kadzo, katuletea mkosi wa kwao.

Nami nikanyamaza.

Mwaka jana Kadzo akachoka, akarudi kwa wazazi wake Matsangoni. Mtoto akabaki kwangu.

Ndipo ukaja utafiti wa kitaifa, ule wa kukusanya damu za watu wa kila pembe ya Kenya kuona magonjwa yanarithiwa vipi. Alikuja dada mmoja wa bara, mpole, fomu mkononi. Akauliza, "Hapa nyumbani kuna mgonjwa?"

"Yuko baba. Mifupa yamsumbua sana."

Sasa sisi Wagiriama, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake. Wangu ni Karisa, jina la marehemu mzee wangu, basi namwita baba. Nimezoea mno! Dada wa watu akaandika kuwa ni mzee.

Siku ya kliniki wametuwekea kiti cha magurudumu, mimi huyo naingia na baba mgongoni, atafuna muwa. Walicheka jamani, hadi daktari akavua miwani.

Asubuhi ile naikumbuka nusunusu, kama niliyeamshwa usingizini. Pazia jeupe lapepea, damu yake yapanda taratibu kwenye kichupa. Nikawaza: humo ndani yumo mzee wangu, wamo mabibi nisiowajua, wamo watu wa kina Kadzo, wote wamekaa pamoja kimya, hawagombani. Nilitamani tusitoke mle chumbani.

Majibu: selimundu. Chembe za damu hujikunja zikaziba njia. Na mtoto haugui mpaka arithi kwa baba na kwa mama, pande zote mbili. Nikapimwa, kumbe nami nimeibeba, na sijaumwa hata siku moja!

Mtoto kaanza dawa, sasa alala vizuri. Alhamdulillahi, asante Mungu, semeni mpendavyo.

Jumapili nikapanda bodaboda hadi Matsangoni na karatasi yangu. Nilimkuta Kadzo akuna nazi. Nikamsomea yote. Hakuinua uso.

"Baba Karisa," akasema, "miaka yote nakwambia si mkosi wa kwetu. Karatasi imekwambia mara moja tu, ukaiamini."

Nikaikunja karatasi, nikarudi peke yangu. Hajarudi.

Wakuu, pimeni damu kabla ya kuoana. Na wake zenu msingoje maabara iwatetee. Jumapili naenda tena, bila karatasi. Mliowahi kukosea hivi, nianze na neno gani?