Mama Bila Kitambaa

Watoto wa shule walimwita Bibi Picha, naye hakukasirika. Kwa miaka kumi na minane aliwapokea kwenye jumba la sanaa, akawaketisha sakafuni watazame kimya kwanza, kisha akawauliza: "Mnaona nini?" Picha nyingi hakuzipenda, nyingine aliziona kama mtu kamwaga rangi akakimbia. Lakini mwongozaji hasemi la moyoni. Alizifundisha zote, kama mama asiyebagua wanawe.

Mpaka Jumanne ilipotundikwa picha ya mdogo wake, mchoraji.

Mama yao alipokuwa kitandani mwezi wake wa mwisho, mdogo mtu alikuja na daftari. "Dada, niache nimchore, tubaki naye." Dada, aliyeishi na mama, akampa na ufunguo wa nyumba, aje atakapo. Akamchana mama nywele, akamfunga kitambaa chake cha kijani, akamwegemeza kwenye mito. Picha ilipokamilika, walilia wote wawili.

Sasa ukutani mama hakuwa na kitambaa. Nywele chache, mdomo umebonyea, kifua wazi, maji yakimtiririka. Hiyo ilikuwa saa ya kuogeshwa! Kumbe siku ile mdogo wake alisimama mlangoni akitazama, na yeye dada mtu kashika beseni, kampa mgongo. Kibao kando ya picha kilisema: "Kikongwe."

"Usinune, dada," mdogo wake alisema. "Ile ya kitambaa ni ya sebuleni. Huu ndio ukweli."

"Mama kakuvisha tangu u mchanga, wewe ukamvua mbele za watu?"

"Mbona unafundisha za wenzangu usizozipenda? Ya nduguyo ndiyo ikushinde?"

Darasa lilikuwa limeshaingia.

"Mnaona nini?"

"Bibi hana meno!" Wakaangua kicheko.

"Anasikia baridi," alisema msichana mmoja wa nyuma.

Bibi Picha akasogea karibu na picha. Akawaonyesha mwanga unavyoingia dirishani, na tone la maji begani lilivyochorwa kwa rangi mbili tu. Mungu shahidi, ilikuwa kazi nzuri, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Anaitwa nani?" msichana akauliza.

"Kibao hakisemi. Lakini jina analo, na watoto anao wawili."

Watoto walipotoka, mdogo wake alimjia akitabasamu. "Umeifundisha vizuri kuliko nilivyotarajia."

"Nimefanya kazi yangu." Akakinga kiganja. "Nipe ufunguo wa nyumba ya mama. Safari nyingine utabisha hodi."