Uji wa Mukamwana

Kwetu Rutshuru, mutu akikupa kinywaji anakionja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakuna sumu.

Muzee, bwana yangu, alianza kutapika baada ya kunywa pombe ya ndizi kwa mutoto wetu, kule Kiwanja. Akakonda. Akasema mukamwana, bibi ya huyo mutoto, alimutilia karuho, ile sumu inayokula mutu polepole. Jamaa yote ikakubali haraka. Wakamupeleka Kalengera kwa mutu wa majani, akatapishwa mpaka damu ikatoka. Pale nikasema imetosha. Nikamupandisha gari, tukaja Goma.

Hospitalini dokta alipitisha mupira wenye kamera kwa mudomo mpaka tumboni, akakata kinyama kidogo kama punje ya muchele, kikatumwa labo. Tulingoja sana. Jibu likarudi: limfoma. Ni kanseri, imekaa kwenye ukuta wa tumbo.

"Nani aliniwekea?" muzee akauliza.

"Hakuna, papa. Mutu hawekewi kanseri. Tena ilianza kabla ya hiyo pombe yenu. Dawa iko, lakini ni kali. Ule kwanza, upate nguvu. Bila hivyo siianzi."

Huko kula sasa ndiyo ilikuwa kazi! Mimi miguu ilikuwa imevimba, siwezi kusimama kwa moto. Aliyepika ni yule yule mukamwana. Aliacha meza yake ya soko akaja Goma kumulinda pale kitandani. Kila asubuhi analeta uji wa mutama, anaonja, anamupa. Muzee anageukia ukuta.

"Ameonja juu," ananiambia. "Sumu inakaa chini."

Mukamwana akakoroga, akanywa nusu kikombe.

"Unaona? Sasa anamaliza uji wangu."

Nikachoka naye. "Wewe muzee, ulikunywa majani ya mutu usiyemujua hata kwao, hukumwambia aonje. Huyu anafua matapishi yako. Ukitaka kufa, kufa na kanseri yako. Usimuachie yeye jina la mulozi."

Mukamwana alitoka nje na beseni, macho chini.

Kesho yake alimimina uji, akainua kikombe aonje. Muzee akanyoosha mukono.

"Lete, mama. Unakipoza bure."

Akanywa chote, akaomba tena.

Alipopata nguvu, dawa ikatundikwa, ikashuka tone kwa tone mpaka kwenye mushipa wake. Muzee akaitazama, kisha akamutazama mukamwana.

"Na hii hauionji?"

"Hiyo ni yako peke yako, papa."