Samaki Asiye na Magamba

Mwalimu Marcella alijivunia darasa lake la gredi ya tano pale Sori, kando ya ziwa. Watoto wa Kijaluo, wa Kikuria na wa Kisii aliwakalisha mchanganyiko, na aliyecheka lafudhi ya mwenzake aliokota takataka uwanjani wiki nzima. Ukabila kwake ulikuwa mwiko. Alistahili sifa, lakini sifa nazo hulevya.

Siku ya somo la mapishi aliwapikia samaki mwenyewe, akataka watoto wa kila kikundi wale pamoja kwenye sahani moja. Alikuwa amenunua mumi, yule samaki wa sharubu, kwa kuwa ana mnofu mwingi, akamchuna ngozi na kumkatakata. Kwao Homa Bay alikuzwa kwa mumi. Kwamba Wasabato hawali samaki asiye na magamba alilijua fika, ila pale sokoni halikumjia.

Kemuma, binti wa muuza ndizi Msabato, hakunyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu samaki ana magamba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Darasa zima likamgeukia. Hapo ndipo Marcella alipokumbuka, na badala ya kumwambia mtoto ukweli na kumpa sukuma wiki, aliuonea huruma umoja wake uliotaka kupasuka mbele ya sufuria.

"Ni ngege huyo, ana magamba. Kula."

Kemuma akala. Walipotoka nje, Bravin, mtoto wa mvuvi, akamcheka kwamba amekula mumi. Marcella alisikia kupitia dirishani na hakutoka. Watoto husahau, alijiambia, na huo ukawa uongo wa pili. Siku zilizofuata Kemuma alimwamkia kwa adabu ileile, na kila salamu ilimchoma mwalimu kama mwiba wa samaki kooni.

Ijumaa mama yake Kemuma, Nyatichi, alifika shuleni akiwa amemshika binti yake mkono.

"Mwalimu, huyu alikuwa abatizwe kesho, na sasa amekataa. Ati yeye ni mchafu. Anasema alikula mumi hapa kwa tamaa yake, akijua. Nimemchapa. Lakini huyu si mtoto wa tamaa, ndio nikasema nije nikuulize. Alikula akijua?"

Neno moja tu, ndiyo, na jina la Marcella lingebaki safi mtaani kote. Aibu iliyoje, mtu mzima kujificha nyuma ya mtoto wa miaka kumi. Aliona alama za fimbo kwenye miguu ya Kemuma, akashindwa kuzikwepa.

"Hapana, mama. Aliniuliza. Mimi ndiye nilimdanganya."

Nyatichi hakupaza sauti. Alimwinamia binti yake. "Mbona hukuniambia?"

"Ulisema mtoto asiseme mtu mzima ni mwongo."

"Nilisema," Nyatichi akakubali taratibu. "Na walimu ndio nilikutajia kwanza."

Marcella alitamani ardhi immeze. Alipiga magoti mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto.

"Kemuma, nisamehe. Huna kosa lolote. Wewe si mchafu. Kesho ingia majini ubatizwe."

Kemuma aligeuka kumtazama mama yake, aone kama ni kweli.