Kikohozi Kilichonipa Mume Ruiri

Naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa mmenibana, haya, chekeni mmalize. Mimi Rehema, binti wa watu, nimewahi kusimama mbele ya wazee wa Kimeru na kukubali kuolewa na bwana harusi wa mwenzangu, tena sikukubali mara moja, nilikubali mara tatu, na kwa bidii.

Nilikuwa nimetoka kwetu Tanga kwenda kusoma muhula mmoja Embu, Kenya (wenzangu walikwenda Ulaya, fomu yangu mimi ilichelewa, tuyaache hayo). Darasani tulikuwa wageni wawili, mimi na Atuhaire kutoka Uganda, na wiki ya kwanza tu tukaanzisha daftari la vioja: kila cha ajabu tulichokiona mjini tunakipiga picha na kukiandika, na mwenye vingi mwisho wa mwezi anapikiwa na mwenzake. Tuliandika duka linalouza majeneza upande huu na keki za harusi upande ule, muuzaji yule yule mmoja. Tuliandika mzee aliyekuwa akimtembeza bata wake kwa kamba katikati ya mji wala hakuna aliyegeuka kumtazama isipokuwa sisi. Atuhaire alikuwa mbele kwa vioja viwili, na mimi sipendi kushindwa hata kwenye upuuzi.

Basi Kendi, mwenzetu wa darasani, akatualika kwao Ruiri, nje kidogo ya mji wa Meru, maana dada yake Karimi alikuwa analetewa mahari na kijana wa Embu anayeitwa Njeru. Akatueleza kwamba kwao bwana harusi hapewi bibi harusi hivi hivi tu: wasichana kadhaa wanafunikwa leso mwili mzima (ndizo hizo kwetu tunaita kanga), wanapangwa mstari, naye anatakiwa amtoe wake bila kumwona uso. Mimi kioja hicho nilikiandika kabla hata sijakiona.

Njiani tukateremka penye kibao cha ikweta, karibu na Nkubu, kuna jamaa wanaonyesha maji yakizunguka kwenye beseni, upande huu wa mstari yanazunguka hivi, upande ule yanazunguka vile. Mvua ikaanza. Wenzangu wakakimbilia kibandani, mimi nikabaki na yule jamaa na simu yangu mkononi, nikimwambia arudie, arudie tena sikuona vizuri (beseni lilikuwa linajaa kutoka mbinguni, hata yeye alikuwa hajui tena maji yanaelekea wapi). Kufika Ruiri jioni pua imeziba na kifua kinawasha.

Sasa hapa ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Asubuhi shangazi yake Kendi, ambaye kila mtu anamwita anti, mama wa sauti ya kuamrisha, akanitazama macho yalivyoiva akaniuliza, "Wewe uko sawa? Kama uko na homa ukae tu kwa nyumba, tutakuletea uji."

Nikamfikiria Atuhaire anaona vioja peke yake huku mimi nimelala na uji. Nikajibu, "Mzima kabisa, anti."

"Basi kuja hapa. Tuko na wasichana wanne na tunataka watano, na wewe mko urefu moja na Karimi." Akaanza kunizungushia leso. "Lakini usiongee hata kidogo, hiyo Kiswahili yako ya Tanzania itatuchoma, bwana harusi atakujua mara moja. Ukiulizwa kitu, wewe tingisha tu kichwa."

Wakati ananifunga leso ya nne, Kendi akaninong'oneza kuwa baba yao ni marehemu, kwa hiyo mwenye neno siku hiyo ni kaka wa baba, anko Mutwiri, na anko hamtaki Njeru. Anasema kijana anafanya kazi Nairobi, anakuja mara moja kwa mwezi, atamjuaje msichana wao. "Akikosea leo, anko atafunga hii maneno yote," Kendi akasema. Karimi alikuwa pembeni yangu, tayari amefunikwa. Nilimshika mkono kumpa moyo, nikaukuta umekuwa baridi kabisa, na hapo nikajisikia vibaya kwamba mimi nilikuja kutafuta vioja na mwenzangu maisha yake yako kwenye mizani.

Ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba Karimi na Njeru walikuwa wameshapanga ishara yao: akifika mbele yake, Karimi atakohoa mara mbili.

Tukapangwa uani, mimi wa tatu, Karimi wa nne. Ndani ya leso ni giza na joto, na zile leso zilikuwa zimetoka kwenye sanduku la shosho (ndiye bibi yao Kendi), zinanuka vidonge vya kufukuza mende. Kifua kikaanza kunitekenya. Nikameza mate, nikauma ulimi, nikajaribu kuhesabu kwa kurudi nyuma kutoka mia. Kupitia upenyo wa chini nikaona viatu vya Njeru, vyeusi, vimeng'arishwa, vikasimama kwa wa kwanza, vikasogea kwa wa pili, vikaja mbele yangu. Nikakohoa. Mara mbili.

"Huyu! Ni huyu!" Njeru akaunyaka mkono wangu kama mtu aliyeokota simu yake iliyopotea. Vigelegele vikalipuka. Emsii akanisogelea na kipaza sauti, akauliza kitu kwa Kimeru, nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza tena, nikakubali. Akauliza mara ya tatu, nikakubali na kuinama kidogo kwa adabu (baadaye Kendi alinitafsiria: unamjua huyu kijana, unampenda, tupokee mbuzi wake). Atuhaire alikuwa anarekodi yote hayo.

Leso ya mwisho ikavutwa. Nikatokea mimi, pua nyekundu, nywele zimesimama, na kwa kuwa mbele yangu walikuwa wazee, nikasema, "Shikamooni."

Anko Mutwiri akasimama taratibu akachukua kofia yake. "Si niliwaambia? Huyu hajui msichana yetu. Ameshika mgeni. Mbuzi zake arudi nazo Embu."

Njeru alikuwa bado ameushika mkono wangu, na jamani, aibu niliyoisikia sitaisahau. Nikamnyang'anya emsii kipaza sauti. "Baba, samahani sana, kosa ni langu. Nina mafua, niliwadanganya kuwa mzima. Nimekohoa, nikamchanganya huyu kaka."

"Kukohoa inamchanganya aje?" anko akauliza.

Njeru, mtoto wa watu, badala ya kunyamaza akasema, "Ni vile tulikuwa tumepanga Karimi akohoe."

"Kumbe hata mlikuwa mnaniibia!"

Miguno ikapita kwenye mahema, na kama si shosho, mama yake anko mwenyewe, leo hadithi ingekuwa nyingine. Alikuwa anacheka mpaka anapangusa machozi. "Mutwiri, keti chini. Mpe nafasi ingine. Na hiyo mgonjwa itolewe hapa."

Anko akakubali kwa shingo upande, akasema ni mara moja tu, akikosa aende. Wasichana wakapangwa upya, na mimi nikapelekwa nyuma ya jiko na kikombe cha tangawizi, nikachungulia kwenye pengo la mabanzi huku nimejaza pembe ya leso mdomoni nisije nikaharibu ndoa ya watu mara ya pili.

Njeru akatembea mstari mzima. Akafika mwisho, akarudi, akasimama kwa wa pili. "Huyu."

"Uko sure?" anko akamuuliza.

"Niko sure. Hawa wengine wamesimama tu. Huyu amekasirika. Karimi akikasirika anashika kiuno na kuinua bega ya kushoto. Angalieni hiyo leso."

Tukaangalia. Chini ya leso kiwiko kilikuwa kimechomoza, na bega la kushoto liko juu. Wakamfunua, ni Karimi, macho yanawaka, na akakataa kuushusha ule mkono mpaka Njeru aombe msamaha mbele ya watu wote kwa kumshika Mtanzania. Anko Mutwiri alijitahidi kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Sawa, huyo amemjua," akasema. "Lakini mbuzi ya kukosea ibaki."

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza hali yangu namtajia mpaka ukucha unaouma, na ukinialika kwenye sherehe ya mahari nitakaa nje ya geti, nitakula huko huko.

Ila video ya Atuhaire, aliyoirusha mtandaoni, ilifika Tanga kabla sijarudi Embu. Mama akapiga simu. "Rehema, nasikia umeolewa Kenya?"

"Hapana mama, nilikohoa tu."

"Nasikia na mbuzi walitolewa. Wangapi?"

"Mmoja, mama. Wa faini."

"Mmoja," akasema, "mwanangu niliyemsomesha," akakata simu.