Wakubwa Wasiolowa Miguu

Ukitaka kumkasirisha Kezironi Lutimba, mpigie goti umwite omukungu. Vijana wa Kyambizzi walikuwa wakimchokoza hivyo wakipita nyuma ya banda lake, kisha wanatoka mbio huku mzee akiwarushia vibanzi vya mti na matusi ya nguoni. Miaka sabini na mitatu, mgongo umepinda kwa kuponda magome ya mutuba, mti wa nguo za magome, tangu utoto, lakini ulimi ulikuwa haujapinda hata kidogo.

Mgeni angeshangaa, maana kwa Waganda omukungu ni mtu mkubwa, na nani hapendi kuitwa mkubwa? Wapo wanaolitafuta jina hilo kwa udi na uvumba. Ila Kezironi alijua lilikotoka. Lilikotoka kulikuwa na maji.

Babu yake, Ssenkaayi, alikuwa omukungu wa kweli, wa enzi ambazo Kabaka, mfalme wa Buganda, akikohoa nchi nzima inajifuta pua. Alipewa kilima cha Kyambizzi, na pamoja na kilima akapewa kinamasi cha Nabitimpa kilicho chini yake. Kazi yake ilikuwa kuweka njia juu ya kinamasi hicho: magogo ya mikindu chini, mafunjo juu, tabaka kwa tabaka, kila masika upya. Na ilikuwa mwiko omukungu kusimama ukingoni akinyoosha kidole. Yeye ndiye aliyevua nguo kwanza, akajitwika mzigo wa kwanza wa mafunjo, akaingia majini mpaka kifuani. Watu walifuata nyuma yake. Mjumbe wa Kabaka akipita na maji yakamvuka kifundo cha mguu, hakuulizwa mkata mafunjo wala mbeba gogo. Aliulizwa omukungu, na alijibu kwa sikio lake.

Ssenkaayi alikuwa na sikio moja. La kushoto lilibaki ikulu, mwaka ambao mvua ilimshinda.

Ndipo wakaja Waingereza na karatasi zao. Wakaamua kwamba omukungu ni mtu wa kupewa ardhi, maili kwa maili, iwe yake na ya wanawe. Siku ya kuandikisha majina Ssenkaayi alikuwa Nabitimpa, majini, kwa sababu gogo lilikuwa limeng'oka. Kilima kikaandikwa jina la karani aliyekuwa amekaa karibu na meza. Ndivyo omukungu akawa mwenye ardhi, na wa kuingia majini wakawa wapangaji wake, tena kwa kiboko. Baadaye neno likahamia kwa mwenye mshahara na baiskeli. Ufalme ulipofutwa, neno likabaki linazurura bila mwenyewe, kama mbwa aliyehamwa. Ufalme uliporudi likakuta kila mwenye gari la vioo vyeusi amekwisha kulifunga kamba shingoni. Siku hizi ukisikia abakungu, neno lile lile kwa wingi, ujue ni wale wanaowekewa hema lao peke yao, viti vya sponji na maji ya chupa, hata msibani. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Kilichobaki kwa wajukuu wa Ssenkaayi ni kiwanja, makaburi ya ukoo, mituba minne na nyundo za mti za kupondea magome. Kezironi aliishi kwa hizo. Alichuna gome mti ukiwa umejaa utomvu, akaufunika kwa majani ya mgomba usipate baridi, akaponda mpaka gome gumu la shubiri moja likawa nguo nyekundu ya kumfunika mtu mzima. Walionunua walikuwa wenye misiba, kwani Mganda haendi kaburini bila nguo ya gome.

Dada yake, Losira Nakiganda, aliolewa ng'ambo ya Nabitimpa, na kwa miaka hamsini kila Jumapili alivuka kuja kumtukana kaka yake na kumpikia matooke. Walipendana kwa kugombana. Kisha karavati lililokuwa limewekwa na serikali likazolewa na mvua. Abakungu wakaja wakapiga picha, wakaahidi. Mwaka wa kwanza wakaahidi, wa pili wakaahidi, wa tatu Losira akaugua kifua, upande ambao hauna zahanati. Alimpigia kaka yake simu.

"Kezi, nikifa unizike pembeni ya mama. Usiniache huku kwa hawa wakwe zangu, wanaongea sana."

"Hufi wewe. Mungu atakuweka wapi na mdomo huo?"

"Na magome uponde wewe mwenyewe. Usininunulie ya dukani, nitakutokea ndotoni."

Kezironi alicheka. Alipokata simu akaingia bandani, akaanza kuponda. Aliponda magome matano. Siku alipomaliza la tano, Losira akafa, zahanati ikiwa inaonekana ng'ambo ya maji kwa macho makavu.

Maziko yakapangwa Jumamosi, saa kumi jioni kama desturi. Njia ya kuzunguka mjini nayo ilikuwa imekatika, kwa hiyo jeneza halikuwa na pa kupita isipokuwa Nabitimpa. Alfajiri Kezironi aliamka na panga lake kwenda kukata mafunjo. Mpwa wake Ponsiano, mtoto wa Losira, mwalimu wa shule ya msingi na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akamzuia.

"Mjomba, pumzika. Nimeongea na Mheshimiwa Mutyabule wa wilayani. Greda linakuja saa mbili na malori ya kifusi. Saa tano mama anavuka kwa gari, kama mtu."

"Mutyabule yule wa picha?"

"Ni omukungu, mjomba. Ametoa neno lake."

"Neno!" Kezironi akatema mate. "Neno linajaza shimo?"

Lakini mama ni wa Ponsiano, na mzee alikuwa amechoka. Akaliweka panga chini. Kosa hilo hajalisamehe mpaka leo, na halihesabu kuwa la Ponsiano.

Saa mbili ikapita. Saa tano ikapita. Ng'ambo ile jeneza lilikuwa limewekwa juu ya majani ya migomba, wanawake wakilipepea nzi. Ng'ambo hii watu walikaa juani, na hema la abakungu likasimama tupu, zulia jekundu limetandikwa juu ya kinyesi cha mbuzi. Hakuna aliyethubutu kukaa humo, hata wajane wenye miguu iliyovimba. Kezironi alilitazama zulia lile na damu ikamchemka mpaka masikioni.

Saa nane yakaja magari manne. Greda halikuwamo. Mutyabule akashuka, mnene, viatu vinang'aa, akaingia hemani, akafunguliwa chupa ya maji na Ponsiano. Mwendesha shughuli akahangaika na spika iliyokuwa inakoroma: "Tunawakaribisha abakungu wetu! Tupige makofi!"

Kezironi akatoka bandani. Kichwani alikuwa amejitwika mzigo wa mafunjo aliokuwa ameukata baada ya saa tano kupita, huku wengine wakisubiri. Akapita katikati ya watu, akalikanyaga lile zulia jekundu kwa miguu ya tope, akautua mzigo mbele ya viatu vya Mutyabule.

"Greda liko wapi, ssebo?" akauliza, akimwita bwana kwa adabu.

"Pole sana kwa msiba, jjajja," Mutyabule akasema, kama anayembembeleza babu yake. " Greda lina hitilafu kidogo. Mambo yanashughulikiwa."

"Dada yangu yuko juani tangu asubuhi."

"Naelewa uchungu wako, jjajja."

"Huelewi. Wewe ni omukungu?"

Mutyabule akacheka, akawatazama wenzake. "Ndivyo watu wanavyosema."

"Basi jitwike. Omukungu hutangulia majini na mzigo wa kwanza. Vua viatu, tukufuate."

Hema likaangua kicheko. Mmoja wa wale wa suti akasema, "Huyu mzee ana vichekesho!" Mlinzi akamshika Kezironi bega. Mutyabule akaviangalia viatu vyake, kisha akavirudisha chini ya kiti.

"Mjomba, unatuaibisha," Ponsiano akanong'ona.

"Nani anayeaibisha? Mama yako anaoza, wewe unamfungulia mtu chupa!"

Akajitwika mzigo wake mwenyewe, akateremka bondeni. Ukingoni akavua kanzu mbele ya umma, akabaki na kaptula, mbavu zinahesabika, akaingia Nabitimpa mpaka kifuani. Kwanza alikuwa peke yake. Kisha wale vijana waliozoea kumchokoza wakatupa mashati. Kisha wanaume wote wenye mapanga. Mwisho Ponsiano, na suti yake ya msiba, akaingia analia kama mtoto.

Walikata, wakalaza, wakakanyaga. Kazi ya siku nne wakaifanya kwa saa moja na nusu, na kazi ya namna hiyo ina malipo yake. Jeneza lilipofika katikati, mafunjo yakafumuka chini ya mbebaji wa nyuma. Akazama, na upande wa miguu wa jeneza ukazama naye. Walilinyanyua haraka, lakini maji yakawa yameingia. Losira alifika nyumbani kwao anachuruzika.

Wanawake wakamfungua chumbani. Kezironi akasimama mlangoni, tope linamkaukia mwilini, akawapitishia magome moja moja bila kutazama ndani. Gome la kwanza, aliloliponda wiki mbili, zuri kuliko yote, wakamfutia maji. Hapo mzee akalia kwa sauti, na kilio chake kilikuwa na hasira zaidi kuliko huzuni.

Kaburini mwendesha shughuli akashika tena kipaza sauti. "Kwa heshima, abakungu watangulie kuweka udongo, maana wana safari."

Mutyabule akasogea, mikavu kabisa miguu yake. Tayari alikuwa ameinama kuchukua udongo kwa karatasi laini aliposikia sauti upande wa pili wa shimo.

"Watangulie," alisema Kezironi. Mkononi alikuwa na kile kisu kifupi cha kuchunia magome. Hakukiinua. "Ni haki yao. Lakini wa kwanza atoe sikio."

"Jjajja..."

"Babu yangu alitoa lake kwa sababu mjumbe alilowa kifundo cha mguu. Dada yangu amelowa akiwa maiti. Wewe ulipewa kinamasi hiki miaka mitatu. Toa sikio, ssebo, kisha utupie udongo."

Hakuna aliyecheka safari hii. Hata mlinzi hakusogea. Na mkono wa Mutyabule, ule usio na udongo, ukapanda wenyewe polepole mpaka upande wa kichwa chake, ukalishika sikio. Watu mia tatu walimwona. Alipogundua anachofanya akaushusha kwa haraka, lakini alikuwa amechelewa. Akarudi nyuma, akageuka, na muda si mrefu milango ya magari ikasikika. Losira akazikwa na watu wenye tope, pembeni ya mama yake.

Asubuhi redio ilitangaza kwamba abakungu wengi walihudhuria maziko ya mama mmoja Kyambizzi. Ikawataja wote kwa vyeo. Mama mwenyewe haikumtaja jina. Toka siku hiyo watoto wa pale wakiona gari la vioo vyeusi hawalipungii mkono. Wanashika masikio.

Wiki mbili baadaye Ponsiano alikuja bandani. Alipiga goti, bila mzaha, akasema, "Mjomba, nimejua sasa omukungu ni nani. Ni wewe."

Kezironi akamrushia nyundo, ikampita karibu kabisa na kichwa.

"Ondoka na upumbavu wako! Hujapita bondeni? Ile mvua ya juzi imechukua njia yote. Jana mke wa Kaweesi wa ng'ambo ameshikwa na uchungu wa uzazi, ameshindwa kuvuka kuja zahanati. Na mimi nimekaa hapa, masikio yangu mawili yote yapo!"

Akaokota panga, akateremka kukata mafunjo.